Sahani ya Serikali

Mjukuu wangu Mwanasha,

Nakusalimu kutoka Mkongani. Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Babu yako anakohoa kidogo tu, na ng'ombe wako amezaa.

Umeniuliza kama ni kweli ruzuku ya serikali hairudishwi, ama uache kuiomba hiyo ya kununulia cherehani. Ni kweli, mwanangu. Mimi niliiona, na hadi leo naistaajabia.

Nilipokuwa kijana, kikundi chetu cha akina mama kilikuwa kikitengeneza mafuta ya nazi ya kuuza sokoni Kombani. Tuliomba ruzuku, na lori likatuletea mashine ya kukamulia. Subhanallah! Mafuta yakaanza kutiririka. Bi Mwanakombo, mkubwa wetu, alikipapasa kile chuma kama mtoto mchanga.

Afisa wa serikali alipokuja kukagua, tulimpa chupa ya mafuta. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, nasi hatukujua desturi nyingine. Akaikataa kwa adabu.

"Siruhusiwi, mama. Na serikali haiwadai kitu."

"Basi sahani yake tuirudishe wapi?" akauliza Bi Mwanakombo.

Yule afisa akaaga, akaenda zake. Tukawaita akina mama wa kijiji cha pili waje kukamua nazi zao kwetu bila malipo.

Iombe ruzuku hiyo, Mwanasha. Mashine ile ilikufa zamani. Lakini jana mmoja wa akina mama wale wa kijiji cha pili aliniletea sahani ya mahamri. Iko hapa mezani, nami nawaza niirudishe na nini.

Bibi yako anayekuombea