Mashini ya Mama Ngalula

Mujukuu wangu Kalenga,

Unaniita nkambo, na mutoto wangu bado ananyonya! Ni ukoo tu unanizeesha. Tuko wazima, ila usingizi ndio hatupati.

Unauliza kwa nini batu banapenda filme ya bezi benye makoti mazuri, kila mumoja na kazi yake. Mi niliipenda sana. Mama yangu alinichapa juu yake: "Mwizi ni mwizi, hata avae tai!"

Lakini mwaka batu ba Kasai balifukuzwa huku kwetu, bijana balinyanganya nyumba ya jirani yetu hapa Kapata, Mama Ngalula, naye mutu wa Kasai. Alikuwa anangoja treni ya kubarudisha Kasai, yeye na batoto; mashini yake ya kushona, ile iliyobalisha, ilibaki mule nyumbani.

Mama yangu akaita banamama bane ba kwaya, bote bamevaa kikwembe cha rangi moja. "Wewe utaimba. Wewe utalia kwa furaha. Na wewe," akanionyesha mi, "utapita mulango wa nyuma." Kinywa changu kilibaki wazi. Mama yangu! Mbele ya bale bijana alidanganya bila kupepesa macho: "Batoto bangu, tumekuja kubariki nyumba yenu mupya." Bakavua kofia, bakainamisha vichwa! Mi nikatoka na mashini kichwani.

Tulifika ku treni tukicheka. Mama Ngalula akaipapasa mashini, hakucheka.

"Kumbe hata kitu changu," akasema, "sasa ni lazima kiibwe?"

Mama yangu akamupandishia mashini ndani ya treni.

Angalia filme yako, mutoto. Mi pia naiangalia. Ila pale mwishoni, bale bezi bakianza kucheka, natoka inje.

Nkambo wako,
Mama Chola