Gongo Alilobeba Donal

Neasden, London
Septemba 2004

Yaya Stéphanie, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Mguu unaendeleaje, bado unakusumbua mvua ikianza? Watoto wa marehemu kaka yetu Alexis wamerudi shuleni? Tangu zile fujo za Juni hapo Bukavu, nikisikia sauti yako kwenye simu ndipo napata usingizi. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila nina hasira, na usiponivumilia wewe, nani atanivumilia?

Yote yalianza na zawadi. Parokiani kwetu kuna Mwairishi mmoja, Donal, seremala aliyefiwa na mke. Ndiye anayetupangia viti akina mama tukiwa na sherehe. Alikuwa anatimiza miaka sitini, nikataka kumpa kitu. Sasa mtu huyu hana anachopenda duniani kama hurling, mchezo wa kwao wa magongo na kampira kadogo kagumu. Jumapili Misa ikiisha tu, huyoo, uwanjani Ruislip.

Nilimuuliza Keren. Unamjua mwanangu: naongea Kiswahili, anajibu Kiingereza. Aliniambia ninunue jezi, yakaisha, macho hayatoki kwenye simu yake. Nikapanda basi hadi Kilburn, miguu inawaka moto kwa kutwa nzima kazini ya kuogesha wazee wa watu. Mwenye duka akaniuliza jezi ya kaunti gani. Nikamwambia ya Ireland. Alinitazama kama nimemtukania mama, akanieleza kwamba kila kaunti, yaani kila mkoa wa kwao, ina rangi zake, na ukikosea ni heri usimpe mtu kitu. Nikaomba soksi. Kikombe. Hata taulo! Vyote vina rangi za kaunti. Nilitoka mikono mitupu, nimekasirika hadi nikapanda basi lisilo langu.

Ndipo nikaenda kwa Jaspal, Singasinga wa Nairobi mwenye duka la vifaa vya michezo karibu na stesheni ya Rayners Lane. Nikamweleza: magongo, kampira kadogo, wanaume wanakimbia kwenye nyasi. Hakuniacha nimalize. Alisema baba yake alicheza mchezo huohuo Nairobi, na habari za magongo hafundishwi na mtu. Akanichagulia gongo zuri, akalifunga kwa karatasi. Donal alilifungua, akaligeuzageuza, akasema hajawahi kupewa kitu kama kile. Nami mjinga nikafurahi.

Mwezi uliopita alinialika Ruislip. Wachezaji walipoingia, nikaona kila mmoja ameshika gongo bapa, pana mwishoni kama mwiko wetu wa bugali. Langu lilikuwa jembamba, limepinda kama ndoana. Jaspal aliniuzia gongo la hoki! Na Donal alikuwa nalo begani, mbele ya watu wote. Rafiki zake walimcheka hadi machozi, wakamuuliza amehamia dini gani. Niliona aibu, Yaya, nikamsihi alirudishe garini. Akakataa. Aliwaambia kuwa ni zawadi ya Célestine, na anayetaka kucheka acheke. Akakaa nalo mapajani hadi mchezo ukaisha.

Sasa nikuambie nililoficha. Tangu Pasaka Donal anaomba kunioa. Nilikuwa namzungusha, kwa ajili ya Nathanaël wangu, Mungu amrehemu, na kwa ajili yako, uliyeniandikia kwamba mjane wa umri wangu abaki na rozari yake. Barua ile iliniudhi, na hadi leo inaniudhi. Siku ile, tukiwa njiani kurudi, nilimwambia ndiyo.

Aliuliza mahari ampelekee nani, nikakutaja wewe. Anakuja Desemba. Hivi sasa anazunguka maduka ya Peckham akikutafutia kitenge. Kila muuzaji anamwambia lake, na anarudi amenuna kuliko nilivyonuna mimi. Atakosea, najua. Nakuomba jambo moja tu: chochote atakachokuletea, hata kikiwa kitambaa cha mapazia, kipeleke kwa fundi, kivae, uende nacho Misa kubwa, ukae benchi la mbele.

Wasalimie wote nyumbani. Keren naye anakusalimia, kwa Kiingereza.

Mdogo wako akupendaye, hata akiwa na hasira,

Célestine