Buti za Koplo Nasieku

Jumatatu, 3 Machi

Kukamua, chai, kuku, printa. Kwa mpangilio huo. Saa tatu asubuhi nimefungua kifuniko: mguu wa sanamu umekatika kwenye kifundo. Mara ya tatu. Kola imekaa, vifungo vinahesabika, halafu mguu unakatika kama kijiti cha kiberiti. Nimetukana kwa lugha ya nyumbani, majirani wasielewe.

Niandike yote, maana nikizeeka nitaanza kuongeza chumvi. Wale wanaotengeneza tamthilia ya runingani ya Alhamisi, Kambi ya Malewa, wanatafuta sanamu ndogo ya Koplo Nasieku ambayo mtu yeyote mwenye printa ya plastiki ataichapisha nyumbani kwake. Iwe sehemu moja ya kumi ya kimo cha mtu. Isimame yenyewe bila kushikwa. Tarehe 22 watachagua moja tu, hapo Nakuru, na faili lake litawekwa kwenye ukurasa wao, anayetaka achukue. Chini ya kibao cha kusimamia, jina la aliyeiunda.

Nataka jina hilo liwe langu. Sina haja ya kuzunguka. Miaka ishirini na miwili jeshini nilikaa nyuma ya dirisha la stoo nikitoa buti, bereti na mablanketi kwa watu ambao baadaye walipigwa picha. Mimi sikupigwa. Nilistaafu na mkono wa kwaheri na thamosi ya chai.

Printa ni ya binti yetu Chelimo. Alituachia alipohamia Eldoret, akidhani itakaa chini ya kitambaa. Hajui mama yake.

Alhamisi, 6 Machi

Nimetazama kipindi nikiwa na daftari. Aibu tupu. Yule msichana anayecheza Koplo Nasieku anajua kucheza, simkatai, lakini nani alimvalisha? Bereti imelala kichwani kama chapati. Mkono mmoja wa shati umekunjwa, mwingine umeachwa. Buti kubwa, mguu unaogelea humo ndani. Ati koplo. Angefika dirishani kwangu hivyo ningemrudisha mbio.

Nimeorodhesha makosa kumi na moja. Yote nimeyarekebisha kwenye kompyuta. Bereti imevutwa kulia, beji juu ya jicho la kushoto. Mikono sawasawa. Buti namba tano, kamba zimefungwa ipasavyo. Mgongo wima.

Baba Chelimo, mume wangu, alikaa kando akila karanga na kucheka kila Nasieku alipojikwaa. Anampenda sana. Nimemwambia huyo ni askari mbovu. Akaendelea kucheka.

Ijumaa, 7 Machi

Imetoka! Nzima, miguu yote miwili. Nimeisimamisha juu ya redio, nikapiga hatua nyuma nikaikagua. Sina cha kuongeza. Kesho chama chetu cha watengeneza sanamu kinakutana Nakuru na wote wataleta Nasieku wao. Wajiandae.

Jumamosi, 8 Machi

Nimechoma picha, nimeaibika mbele ya watu.

Tulikuwa tisa, kwenye ukumbi ule mdogo wa Milimani, mimi pekee mwenye mvi. Nikaiweka mezani. Kijana mmoja akauliza kwa heshima kabisa, "Mathe, huyu ni soja wa benki?" Soja, yaani mlinzi wa getini! Mwingine alidhani ni sanamu yangu mimi mwenyewe. Hakuna aliyemtambua Koplo Nasieku. Hata mmoja.

Mwenyekiti wetu ni Wekesa, fundi wa meno ya bandia, mtu mpole. Aliigeuza mkononi kama taya. Akasema kazi ni safi kuliko zote mezani. Kisha akasema, "Shida, Sajini, umemvalisha vizuri kupita kiasi." Nikamwambia jeshi si duka la mitumba. Nikaichukua, nikaifunga kwenye leso, nikaondoka kabla ya chai.

Nimekasirika. Zaidi ya hasira, nimeumia. Nilitaka waseme ni yeye.

Jumatatu, 10 Machi

Printa imezimwa. Nimepalilia viazi siku nzima, hata pale ambapo hapakuwa na magugu.

Baba Chelimo ameniletea uji shambani. Hakunibembeleza, si kawaida yake. Amesema yeye hutazama kipindi kile kwa sababu ya vile yule msichana anavyotembea. Vile anavyoburuta zile buti na bado anafika. "Wewe umemponya," akasema. Akachukua kikombe chake akaenda.

Nimenywa uji, nikarudi kwenye viazi.

Alhamisi, 13 Machi

Leo nimetazama bila daftari.

Kumbe buti ndizo zenyewe. Kila hatua anaisukuma kutoka kwenye nyonga, kwa sababu kisigino kinabaki nyuma. Anaposimama hubana vidole vya miguu ili buti isitoke. Ndiyo maana bega moja liko chini. Ndiyo maana hata bereti inateleza. Nilikuwa nimefuta kila kitu kinachomfanya awe yeye, halafu nikashangaa watu hawamjui.

Na kuna jambo lingine, niliandike tu, hakuna anayesoma hapa. Namjua msichana anayesimama hivyo. Kuruta mmoja, kambi ya mbali, mwaka wangu wa tano kazini. Nilimpa namba saba, yeye akivaa tano. Alirudi kubadilisha. Nikamwambia kubadilisha ni Ijumaa. Akarudi tena, nikamwambia hivyo hivyo. Ijumaa walikuwa wameshapelekwa mazoezini. Tano zilikuwepo. Zilikuwa kwenye rafu nyuma yangu, ningenyoosha mkono tu. Alijaza magazeti ndani ya buti akaenda kukimbia kilomita ishirini. Niliona visigino vyake aliporudi.

Nilikuwa nafuata kanuni na nilikuwa nafurahia kuifuata. Hilo ndilo linalonichoma.

Ijumaa, 14 Machi

Naanza upya. Siku nane zimebaki.

Asubuhi nimevaa gambuti za Baba Chelimo, namba kumi, nikatembea uani kutoka zizini hadi kwenye tangi la maji, kwenda na kurudi. Nilitaka kujua uzito unaangukia wapi. Jirani, Mama Njeri, alichungulia juu ya ua akauliza kama kuna mtu amefiwa na akili. Nikamwambia niko kazini.

Nimejifunza haya: goti la kulia linalegea, nyonga inarudi nyuma, kidevu kinatoka mbele kusawazisha. Buti inakunjika juu ya vidole, si kwenye kifundo. Kisigino kinaacha pengo la kidole kimoja. Nimechora yote jikoni nikiwa bado nimevaa gambuti.

Kuacha kifungo wazi kulinichukua saa nzima. Mkono wangu ulikataa.

Jumatatu, 17 Machi

Anaanguka. Amefanana, haki amefanana, lakini nikimwachilia tu anaenda kifudifudi. Watu wa tamthilia wamesema isimame yenyewe. Nimeongeza unene wa soli, akawa kama amesimama kwenye matofali. Nimetoa. Nimejaribu kumwegemeza kwenye bunduki. Huyo si Nasieku, huyo ni mzee na bakora.

Stima imepotea saa nane mchana, printa ikiwa imefika kifuani. Nusu mtu. Nimemtupa kwenye ndoo pamoja na wenzake. Ndoo imejaa.

Jumatano, 19 Machi

Nimemeza kiburi, nimempigia Wekesa. Sikuomba msamaha kwa maneno mengi, nilisema tu nahitaji msaada. Yeye akasema njoo na miguu ya Nasieku.

Karakana yake ina harufu ya plasta, na meno yamepangwa kwenye trei yakikucheka. Amenionyesha jino la bandia linavyoshikiliwa: pini nyembamba ndani, haionekani. Akasema nichapishe buti peke yake, zikiwa tupu kabisa kama buti za kweli, na mguu uwe kipande kingine kinachoingia ndani. Buti zibebe uzito, mguu uelee. Na nichapishe mguu ukiwa umelazwa, si wima, ndipo kifundo hakitakatika.

Buti tupu, mguu unaoingia ndani. Miaka ishirini na miwili nimegawa buti na sikuuwaza mguu.

Nikamwambia yeye naye alete yake Jumamosi, tushindane. Akasema analeta, na asinione nikilia.

Ijumaa, 21 Machi

Amesimama.

Nimeingiza mguu wa kushoto, ukalia tik. Wa kulia, tik. Nikatoa mkono. Nikapiga meza ngumi. Nikafungua dirisha upepo uingie. Amesimama, kisigino kikiwa hewani ndani ya buti, bereti ikiteleza, mkono mmoja umekunjwa, mwingine chini. Uvivu mtupu na hasogei hata kidogo.

Nimemwita Baba Chelimo kutoka zizini. Hakuuliza ni nani. Amecheka vile anavyocheka Alhamisi.

Jumamosi, 22 Machi

Nimeshinda. Nimeshinda. Naandika mara ya tatu kwa kuwa daftari ni langu: nimeshinda.

Tulikuwa kumi na mmoja. Sanamu zimepangwa kwenye meza ndefu, nyingi zimenyanyua bunduki, kifua mbele, taya kama za simba. Ya Wekesa ilikuwa nzuri, meno yake hasa. Yangu ilikuwa fupi kuliko zote kwa sababu ya kuinama.

Akaingia msichana mwenyewe, yule anayecheza Nasieku. Mwembamba, viatu vya kawaida, miguu midogo. Alipita mezani akitabasamu kwa kila mmoja. Akafika kwangu, tabasamu likakatika. Akachuchumaa. Alikaa hapo mpaka mratibu akaja kuangalia kama yuko sawa.

Akauliza ni ya nani. Nikainua mkono kama mwanafunzi.

"Mathe, nani alikuambia mimi hubana vidole?"

Nikamwambia hakuna, nilivaa gambuti. Ukumbi ukacheka, yeye hakucheka. Akasema siku ya kwanza ya kazi hawakuwa na saizi yake, akapewa namba nane, na alilia chooni. Halafu akaamua Nasieku atakuwa mtu ambaye hajawahi kupewa kitu kinachomtosha. Hajawahi kumwambia mtu. Akamchukua Nasieku wangu, akamweka kiganjani, akainua mkono juu. Hakuanguka.

Waamuzi hawakwenda hata kujadiliana. Mwelekezi wa tamthilia alitazama buti mara moja, akatazama wenzake, wakaitikia kwa kichwa. Nikasikia jina langu lote kwenye kipaza sauti, na cheo changu mbele. Sajini Mstaafu Rael Jelagat wa Gilgil. Wale vijana wa chama walipiga makofi na kupiga meza. Yule wa soja wa benki alinibeba. Mimi, na uzito wangu huu. Wekesa alinipiga saluti mbovu sana na sikumrekebisha.

Wametupiga picha. Nilisimama katikati. Sikulia. Baba Chelimo anasema nililia, lakini yeye alikuwa nyuma, angejuaje.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua imeanza. Nimepanda mahindi kipande cha juu.

Faili liliwekwa Jumanne. Picha zinaingia kwenye simu moja moja. Nasieku wa kijani huko Kitale. Nasieku wa waridi, plastiki iliyobaki, mtu ameandika samahani kwa rangi. Mmoja amechapishwa bila mkono wa kushoto na ameshonewa koti la kitambaa. Hajavaa kikanuni hata mmoja wao.

Jioni imefika moja kutoka Karagita, kwa mwanamke anayefanya kazi kwenye shamba la maua. Amempiga picha kitandani, juu ya blanketi, kichwa chini. Nilidhani ameanguka, nikaanza kuandika ushauri kuhusu pini. Kisha nikakuza picha. Alikuwa amempindua makusudi, kibao kitazame juu, ili jina lisomeke.

Nimelisoma. Nikampa Baba Chelimo naye akalisoma, polepole, kwa sauti. Halafu nikachukua ndoo nikaenda kukamua.