Jiwe Lililopungua Herufi

Jumatatu, 3 Machi
Daktari wa macho amesema Jumatatu ijayo. Baba atapasuliwa jicho la kulia. La kushoto halina tena matumaini. Nilidhani ataogopa kisu. Wapi! Tulipotoka nje akanishika kiwiko: kabla hawajanigusa, nipeleke bustani ya amani. Baba huyu huyu! Alikuwa mmoja wa mafundi waliochonga mawe yake, na miaka thelathini na mbili hajakanyaga pale. Kila nikimwambia twende, miguu inamuuma. Leo miguu imepona ghafla.

Jumatano, 5 Machi
Gari tulilonalo ni moja, la mume wangu, la kusambazia mikate. Kwa hiyo dereva ni yeye. Nilimweleza baba huku nimejiandaa kwa ugomvi. Mume wangu kwao ni ng'ambo ya mpaka, na watu wa huko ndio waliomuua baba mdogo vitani. Miaka saba ya ndoa yetu, baba humwita "huyo wako". Si tusi. Lakini si jina pia.

Baba akauliza:

"Huyo wako anasoma maandishi ya kwao?"

"Amesomea huko, baba. Anasema alikuwa wa kwanza darasani."

"Nani shahidi? Haya, aje."

Nilipomweleza mume wangu, aliacha unga kwenye beseni akaenda kutafuta shati la kupiga pasi. Safari yenyewe Jumamosi!

Alhamisi, 6 Machi
Sina raha. Nilikuwa namnyoa baba ndevu, maana kioo hakioni tena, akaanza kusema. Kila nchi ilileta sanamu pale bustanini, na mafundi wa hapa wakachonga neno "urafiki" kwenye jiwe la chini kwa lugha ya nchi hiyo. Walipiga kura nani achonge lipi. Baba akaangukiwa na lugha ya kwao mume wangu. Mdogo wake alikuwa na miezi minne tu kaburini.

"Niliruka herufi moja. Makusudi. Siku ya uzinduzi wakubwa wakapiga makofi."

Wembe ukanisimama mkononi. Nikasema hayo ya zamani, baba. Akasema jiwe halijui zamani. Anataka asomewe ajue kama bado liko vile. Na kama liko — hakumalizia.

Nimwambie mume wangu? Hapana, si langu.

Jumamosi, 8 Machi
Naandikia hapa hapa bustanini, kwenye benchi la ofisi yao. Nikingoja nifike nyumbani nitasahau nusu.

Ngazi za kuingilia ni nyingi mno! Nilimshika baba mkono mmoja, wa pili ukawa unapapasa hewa. Mume wangu akauweka begani kwake bila neno. Haukutoka. Juu kuna uwanja mpana wa nyasi, chemchemi inayorusha maji, na sanamu kila upande: mama amemnyanyua mtoto, duara la watu wameshikana, ndege anayetaka kuruka. Wageni wanapiga picha. Baba hakuuliza habari za sanamu. Alikuwa anainama na kugusa mawe ya chini. Hili la fundi mwenzangu Chongo. Hili la yule mlevi — tazama mistari ilivyonyooka, shetani yule! Alicheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu mama afariki.

La kwao mume wangu liko pembeni: wanawake wawili wanapokezana mtungi wa maji. Baba akapiga magoti. Vidole vikapita juu ya neno, vikafika mahali, vikasimama.

"Nisomee."

Mume wangu aliinama akalitazama. Akasema, taratibu, kuna herufi imepungua.

"Nilijua. Niliiacha mimi, makusudi. Watu wenu walimuua mdogo wangu." Kidole bado kiko pale pale. "Sasa nawe unajua."

Niliogopa kumtazama mume wangu. Alichuchumaa kando ya baba. Akasema jiwe hili analijua tangu ana miaka kumi na miwili. Aliletwa na bibi yake kutembea. Wageni wa kwao walikuwa wakicheka, fundi gani huyu hajui kuandika. Bibi akawanyamazisha. Alisema fundi huyu si mzembe, tazameni herufi nyingine zilivyotulia. Huyu alikuwa na msiba. Naye bibi alikuwa amezika watoto wawili, vita hivyo hivyo.

Baba alilaza kiganja juu ya jiwe, na mabega yake yakawa yanatikisika. Mume wangu akaweka mkono wake mgongoni mwa baba. Nami nilisimama tu na mkoba wangu kama mpumbavu.

Baadaye baba akauliza kama nafasi ya herufi ipo. Ipo, finyu. Basi twende ofisini, tuombe kuiongeza.

Msimamizi ni mwanamke mpole mwenye miwani. Anasema haijawahi kutokea. Kuna kamati, kuna ubalozi, na huyu mzee haoni — atachonga vipi? Baba akasema jicho linatibiwa Jumatatu, likikataa, mikono itakuwepo ya mwingine, yeye ataelekeza. Mume wangu akasema kukanda unga na kuchonga jiwe ni vitu viwili, baba. Baba akamwambia utajifunza.

Msimamizi amepumua, ametoa fomu. Anauliza waombaji ni nani.

"Mimi na mwanangu wa kiume," baba amesema.

Hana mtoto wa kiume. Msimamizi ananitazama mimi, kalamu iko juu ya karatasi. Mume wangu ameinama anafunga kamba za viatu ambazo hazijafunguka.