Trekta Lilipozima Gerezani

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Kariakoo hatujambo, na goti la bibi yako limepoa.

Umenirekodia mlio wa trekta lako kuukuu, ukauliza kabureta irekebishwe vipi. Ngoja kwanza nikusimulie.

Ufundi nilijifunza mtaa wa Gerezani kwa Mzee Sefu, katikati ya wafua bati. Kila aliposhika kabureta, mtaa mzima ulitua nyundo ili aisikie injini. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yake. Alifumba macho, akaweka kiganja cha kushoto juu ya injini, mkono wa kulia ukizungusha skrubu taratibu.

Siku moja aliletewa trekta, na kiganja kile kilikuwa kimeungua, hakukiweka. Akazungusha skrubu, trekta likakohoa, likazima. Mzee Sefu akaendelea kuzungusha, macho kayafumba, akatabasamu.

"Sikieni," akasema. "Sasa limetulia."

Kumbe mzee alikuwa kiziwi, na miaka yote ile alisikia kwa kiganja. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinua nyundo. Mpaka leo mshtuko ule haujanitoka.

Mlio ulionitumia nimempa bibi yako ausikilize. Anasema trekta linakohoa ukiongeza moto, yaani ukikanyaga mafuta. Basi fungulia skrubu ya mafuta kidogo kidogo, kiganja kikiwa juu ya injini.

Na nisipopokea simu zako, mama, usininunie. Niandikie tu.

Babu yako