Kashinje Ameacha Kula Kwangu

Ruanda, Mbozi
16 Agosti 2008

Mpendwa Dada Teresia,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji Wilbard na watoto wote hapo Mkwajuni. Kile kifua cha shemeji kimetulia, au vumbi la machimbo bado linamsumbua? Huku baridi imekaza na kahawa tunaimalizia kuchuma. Mimi ni mzima, siumwi popote. Nimeandika kwa sababu haya si ya simu. Simu ya nyumba hii anayo mume wangu Osea, na ukiongea wote wanasikiliza.

Dada, ni Gibson. Mwanangu anaanguka. Alianza kwa kuduwaa, kijiko mkononi, macho yamekwama ukutani, nikadhani ni ukaidi nikamgombeza. Halafu siku moja tunapukuchua mahindi akaanguka uani, anatetemeka, povu linamtoka, na watu wote wakarudi nyuma. Unajua huku kwetu mtu akianguka haguswi, eti povu lake linaambukiza. Mimi nilimshika. Tangu siku hiyo mama mkwe akamtengea sahani na kikombe, anakula mlangoni peke yake kama mgeni asiyetakiwa. Tena akaniuliza mbele ya majirani, kwenye ukoo wetu wameanguka wangapi, maana kwa akina Osea hakuna. Nikasema hata kwetu hakuna. Akasema basi nitakuwa niliuokota njiani nikija kuolewa.

Mwezi wa saba wakaja wanafunzi wa udaktari kutoka Dar. Chuo kimefunga, wametumwa wajifunze utafiti, wajue kwa nini huku kwetu watu wengi wanaanguka. Mmoja akapangiwa kukaa kwetu, binti wa Kisukuma anaitwa Kashinje, wazazi wake wanafuga ng'ombe kule Msangano. Osea alimpokea kwa utani, akamuuliza mtoto wa wafugaji ataweza kweli kulala jirani na banda la nguruwe. Kashinje akajibu kwamba amekua akilala na ndama, labda Osea mwenyewe awe anakoroma kuliko ndama. Hata mama mkwe alicheka, ingawa nyuma yake alimwita daktari wa likizo, wa kutibu mpaka shule ifunguliwe.

Jioni ile ile Kashinje alimfuata Gibson mlangoni, akamrudisha mkekani, akala naye sahani moja. Akatuambia kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa povu. Dada, nilijifanya moshi umeniingia machoni. Nikampenda kama mdogo wangu wa tumbo moja.

Kazi yao ilikuwa kutuuliza maswali, kutupima damu, na kumpa kila mtu kikopo akaweke choo kikubwa. Hapo Mama alisema kumbe watu wanauza ng'ombe wasomeshe watoto, halafu watoto wanakuja Mbozi kuomba mavi. Tulicheka sana siku hiyo.

Halafu Kashinje akamfuata Osea kwenye biashara yake. Osea ananunua nguruwe vijijini anapeleka Tunduma. Kabla ya kununua anampanua nguruwe mdomo kwa kijiti, anavuta ulimi, anapapasa. Akikuta vipele kama punje za mchele, anajua Tunduma hawatamchukua. Kashinje akauliza wenye vipele wanakwenda wapi. Osea akamjibu wanauzwa kwa bei ya kutupa, naye huleta mmoja mmoja nyumbani, tunachinja, tunakula, kwani nyama inatupwa? Kashinje hakucheka. Akaniuliza nani anapika, nikasema mimi. Akaniuliza kama huwa naonja kabla haijaiva. Nikashangaa, mpishi gani asiyeonja?

Haikupita muda, akaacha kula kwangu. Mara ameshiba, mara tumbo limejaa gesi. Anachoma viazi vyake mwenyewe jivuni, anakula amenigeuzia mgongo. Siku moja nilimpa chai, akaishika mpaka ikapoa, kisha akaenda kuimwaga kwenye migomba akidhani simuoni. Nikasema moyoni, basi, naye ameanza kumwogopa mwanangu. Lakini Kashinje huyo huyo anambeba Gibson, na akianguka anamfuta povu kwa kanga yake. Juzi nilikuwa namlisha Gibson, nimefinyanga tonge la ugali namtia mdomoni, Kashinje akasimama ghafla kama aliyeona nampa wembe. Nikajua si mtoto anayemwogopa. Ni mimi.

Wakati huo Mama alikuwa ameshapatana na mdogo wake, Mbonile, wampeleke Gibson kwa mganga ng'ambo ya mpaka, Nakonde, akae huko mpaka atakate. Binti wa jirani alipelekwa huko mwaka juzi. Hajarudi, na kwao hakuna anayemtaja.

Nikamshika Kashinje bombani. Akasema si yeye wa kuniambia, ni mwalimu wake anayekuja na gari Jumatatu, yeye bado anajifunza. Nikamwambia Jumatatu mwanangu atakuwa ameshavuka mpaka. Akaweka ndoo chini, akaanza kulia.

Dada, kile kikopo kimeonyesha mdudu yuko tumboni mwangu. Ni mnyoo mrefu kama utepe, nimeupata kwenye ile nyama ninayoonja. Hauniumi hata kidogo. Mayai yake yanatoka na choo, yananata mikononi, mikono inashika chakula, na anayeyameza yanaweza kumwotea kichwani. Ndivyo Kashinje alivyonieleza, mimi wa darasa la sita nikaelewa yote. Nani mwingine anamlisha Gibson? Mikono hii iliyomshika wote walipomkimbia ndiyo iliyompa ugonjwa.

Leo asubuhi Mama alikuwa anafunga nguo za mtoto kwenye kanga. Nikapiga magoti mbele yake na Osea, nikasema ni mimi, mtoto haendi popote. Nikayaeleza yote, hadi nyama. Nilingoja matusi. Badala yake Mama akaniuliza polepole, mdudu huyo kwa mtu mzima huanza na kichwa kuuma? Maana chake kinamuuma tangu mwaka jana. Akaifungua ile kanga, nguo zikabaki pale chini. Osea alitoka, yuko bandani mpaka sasa, anawatazama tu nguruwe.

Jumatatu nitameza vidonge, na Gibson ataanzishiwa dawa. Kashinje anasema wengi wakitumia dawa huacha kuanguka. Nimelishika neno hilo.

Ila Dada, Pasaka nilikuja kwako nikapika siku zote nilizokaa, nikamlisha Tuntufye wako kwa mkono wangu. Nenda hospitali na watoto wote. Akiduwaa, usimgombeze kama mimi. Nisamehe, sikujua.

Msalimie shemeji, umwambie namwombea. Barua hii anakuletea Lusubilo. Watoto watamuuliza karanga zangu za kukaanga ziko wapi. Waambie mama yao mdogo safari hii ametuma maneno tu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Edina, Mama Gibson