Kifua cha Baba Mkwe

Uvira, mtaa wa Kilibula. Jumapili, mvua imekatika sasa hivi na mabati bado yanadondosha maji.

Kwanza heshima. Kwako baba mkwe, mkuu wa nyumba hii, utakayesomewa maneno haya kwenye simu kwa kuwa miwani yako imevunjika. Kwako mama mkwe, uliyeketi kando yangu ninapoandika. Kwa baba mdogo na jamaa yote ya Nyamianda. Kwa mashangazi wa Bujumbura na Bukavu. Kwako mume wangu, uliye kwenye boti kati ya Kalundu na Kalemie. Na kwenu wasomaji wengine, mliozoea kunisoma hapa nikilalamikia madaftari ya wanafunzi wangu. Nimewasalimu kwa kufuata vyeo vya ukoo, na ninaomba mpangilio huo usimkwaze mtu.

Na wewe Sifa, usiyejua kusoma, ndiwe sababu ya mkutano.

Leo ningeandika kuhusu sherehe ya kumtoa mtoto nje. Ukoo ulikuwa umeipanga iwe leo, kitovu kikiwa kimeshadondoka na mimi nikiwa nimesharudi nyumbani. Sherehe haikufanyika. Naomba niseme kwa nini, nami nitasema ukweli hata pale unaponiaibisha.

Sifa alizaliwa kwa upasuaji wiki tatu zilizopita, wiki saba kabla ya wakati wake. Alikuwa na kilo moja na gramu mia saba. Hospitalini, sanduku la joto lilikuwa na mapacha wadogo kuliko yeye, kwa hiyo mkunga alimvika kofia na soksi, akamvua vingine vyote isipokuwa nepi, akamlaza wima katikati ya matiti yangu na kunifunga naye kwa kitenge. Aliniambia kwamba sanduku la Sifa ni mimi. Kifua cha mtu, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, mpaka afikishe kilo mbili na nusu.

Nimefundisha biolojia kwa miaka tisa. Nimechora tumbo la uzazi ubaoni kwa chaki za rangi, mwezi baada ya mwezi, na wanafunzi wamenakili. Nimewafundisha kwamba mafuta yanayomkinga mtoto na baridi huwekwa chini ya ngozi katika wiki za mwisho za mimba. Nilijua jibu hilo kwa moyo. Sikujua lina uzito gani mkononi: mgongo mwembamba kama kiganja changu, ngozi unayoweza kuhesabu mbavu kupitia kwayo.

Nakiri jambo la kwanza. Siku nne za mwanzo nilimbeba bila kumtazama usoni. Niliogopa kumzoea.

Jumatatu tuliruhusiwa kurudi nyumbani. Mama mkwe nami tukagawana saa, na mambo yakaenda vizuri hadi Alhamisi, siku ambayo mume wangu alikuwa ameshaondoka na boti. Asubuhi hiyo malaria ilinipata. Nilitetemeka kiasi kwamba mtoto alikuwa akigonga kidevu kwenye mfupa wa kifua changu. Mama mkwe alimchukua, akakaa naye tangu uji wa asubuhi, lakini kufikia saa sita mgongo wake ulikataa. Alipojaribu kuinuka ili apumzike kidogo, alilazimika kushika ukuta. Tukamlaza Sifa kitandani, tukamfunika blanketi mbili, tukadhani inatosha.

Haikutosha. Mvua ilishuka kutoka milimani, na chumba kikapoa. Nilipomshika miguu, ilikuwa baridi kama nyanya zilizotolewa kwenye beseni la maji. Nilimpa maziwa kwa kikombe kidogo, akayaacha yatiririke shavuni.

"Mutoto iko baridi!" mama mkwe alipiga kelele kuelekea sebuleni. "Baba, tafuta pikipiki!"

Baba mkwe alitoka, akarudi amelowa. Mto Mulongwe ulikuwa umejaa, na hakuna pikipiki iliyokubali kuvuka. Kisha nikamsikia, nyuma ya pazia, akisema kwa sauti ya chini kwamba yeye pia ana kifua.

Wasomaji wa mbali wanahitaji maelezo hapa. Katika nyumba hii, mke wa mtoto na baba mkwe hawakai chumba kimoja. Hatupeani mkono. Hatuli sahani moja. Akitaka kuniambia kitu, anamwambia mkewe, nami ninayesikia kila neno nasubiri mpaka niambiwe mara ya pili. Haniiti kwa jina, huniita mwalimu. Ni heshima, na tangu niolewe sijawahi kuiona kuwa mzigo. Lakini mtoto huyu alikuwa ametoka kwenye ngozi yangu tupu. Kumweka kwenye ngozi tupu ya baba mkwe, kisha kumrudisha kwangu, niliona ni sawa na ngozi zetu mbili kukutana.

Nikasema hapana.

Hili ndilo ungamo langu la pili, na ndilo zito. Mimi, mwalimu wa biolojia, nilimkumbatia mwanangu na kukataa joto lililokuwa hatua nne kutoka kitandani. Nilikataa kwa muda ambao sufuria ya maji ingechemka. Miguu yake ikazidi kupoa.

Mama mkwe aliketi kitandani, akaweka mkono begani mwangu.

"Weye unaogopa nini? Minye niko duane. Mutoto atapita kwangu mbele, kiisha nitamupa bwana yangu. Akirudi, atapita tena kwangu. Kitu yenye imepita duane haina tena mambo."

Mpakani kwetu forodha huitwa duane, na anayekaa karibu na ile ya Kavimvira anaelewa hoja hiyo bila mwanasheria. Nilimpa mtoto. Alimpangusa kwa kitambaa kikavu, akamweka kifuani pake kwa muda wa kupumua mara kadhaa, akalipita pazia.

Nikasikia vifungo vya shati.

"Baba! Hiyo manyoya yote itamuchoma mutoto."

"Simba iko na manyoya, na watoto yake haikufa." Kisha, kwa sauti ya rasmi: "Muulize mwalimu, kichwa kiangalie wapi?"

Mama mkwe akafungua kinywa ili anirudishie swali. Sikusubiri. "Kando, baba," nikasema, moja kwa moja, kupitia pazia. "Pua iwe wazi. Miguu ikunjwe kama ya chura."

Kisha akajibu: "Kama ya chura. Nimesikia."

Ndiyo mazungumzo ya kwanza tuliyowahi kufanya, yeye na mimi.

Sijui ulipita muda gani. Najua tu kwamba mvua ilikuwa bado inapiga mabati niliposikia sauti ndogo, kama mlango usiotiwa mafuta. Sifa analia hivyo anapotaka maziwa. Mama mkwe alimleta, akampitisha kwake kama alivyoahidi, na nilipomshika miguu ilikuwa ya vuguvugu, vidole vikiwa vyekundu. Alimaliza kikombe. Nikamtazama usoni kwa muda mrefu. Ana paji la uso la baba mkwe, lile lile, lenye mkunjo katikati.

Ijumaa mto ulipungua, tukaenda hospitalini. Mkunga alimpima kila mahali, akasema mapafu ni safi na mtoto ameongeza gramu hamsini. Alitukemea kwa ajili ya blanketi: mtoto kama huyu hana joto la kutunza, kwa hiyo blanketi haimpi kitu. Akauliza ni nani aliyembeba Alhamisi. Nilipomwambia, alicheka, akasema tumlete huyo mzee awafundishe wengine.

Leo wageni walikuja kwa ajili ya sherehe. Walimkuta baba mkwe kwenye kiti chake, shati wazi, kitenge cha maua ya manjano kimemzunguka, kofia ndogo ya sufu ikichungulia chini ya kidevu chake. Baba mdogo wa Nyamianda alisimama mlangoni, akamwita kaka yake kwa jina la heshima la mkubwa.

"Yaya! Ulijifungua lini?"

"Alhamisi," akajibu bila kuinua kichwa. "Na weye haukuleta hata kipande cha sabuni."

Sebule nzima ilicheka, nami nikacheka nyuma ya pazia hadi nikashika kidonda cha upasuaji. Lakini mikono ilikuwa imeshaanza kunyooshwa. Kila mmoja alitaka kumpakata, kumpitisha, kumwonyesha jua. Baba mkwe hakumwachilia. Alisema kwamba mtoto ambaye siku zake za tumboni hazijaisha hawezi kutolewa nje, maana bado yuko ndani. Kisha akasema, mara hii bila kumtumia mtu, "Mwalimu, andika. Karatasi hawasomi, simu wanasoma."

Basi naandika kwa idhini yake, na huu ndio uamuzi wa nyumba.

Sherehe inaahirishwa mpaka mizani ya hospitali ionyeshe kilo mbili na nusu. Kabla ya siku hiyo hakuna kumpitisha mtoto mkono kwa mkono. Anayetaka kumsalimia Sifa atamsalimia kwa kifua: awe ameoga kwa sabuni, bila manukato, bila sigara, bila kikohozi, na awe tayari kukaa saa mbili bila kuinuka. Wanaume hawasamehewi. Asubuhi ni ya baba mkwe. Mume wangu, boti ikifunga Kalundu, usipitie popote. Mama mkwe anabaki kwenye duane yake, na kila anayepokea mtoto atampokea kutoka kwake.

Zamu ya baba mdogo inaanza kesho saa nane mchana. Avae shati lenye vifungo, na safari hii alete sabuni.